Divai ya Lebanoni: Shamba la Baba, Wana na Wajukuu



Kati ya madaftari ninayotunza katika ofisi ya parokia yetu limo moja dogo la vitu vya sakristia: mishumaa, ubani, hostia na chupa za divai ya Misa. Jumapili moja, baada ya Misa ya kwanza, mtoto mmoja wa watumikiaji alisimama mlangoni akiniangalia ninavyohesabu chupa. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, divai hii huota wapi?" (Watoto huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kushika ukarani.) Wenzake wakamcheka, maana divai haioti, huota mzabibu. Lakini mimi sikucheka sana. Nilipotaka kumjibu niliona kwamba jibu ni refu kuliko swali.

Wengi wenu mnajua kwamba hata kwetu Tanzania mizabibu ipo, huko Dodoma, na kwamba wamisionari kutoka Italia waliipanda Bihawana katika miaka ya 1950. Lakini leo nataka nikupeleke mbali zaidi, kwenye nchi ambayo umesikia jina lake mara nyingi katika Maandiko Matakatifu, nayo ni Lebanoni. Kutoka huko ilitoka mierezi ya Hekalu la mfalme Sulemani. Nabii Hosea naye aliitaja divai ya Lebanoni kuwa ni kitu chenye sifa. Divai hiyo haikuisha pamoja na manabii. Mpaka leo iko familia moja huko inayoitengeneza, na habari zake zinatuhusu hata sisi tunaolima kahawa na migomba. Mimi mwenyewe sijafika Lebanoni kwa miguu yangu, nafuata ramani na vitabu. Basi nawe nifuate.

Fungua ramani. Tazama pale Bahari ya Mediterania inapokomea upande wa mashariki. Juu kidogo ya Nchi Takatifu utaiona Lebanoni, nchi ndogo ya kilometa za mraba 10,452, yaani ndogo kuliko mkoa wetu wa Kilimanjaro. Mji mkuu ni Beirut, nao uko pwani. Ukitoka Beirut ukashika barabara ya kaskazini, bahari itakuwa mkono wako wa kushoto na milima mkono wa kuume. Ukifika ghuba ya Jounieh, inua macho. Juu kabisa, mahali paitwapo Harissa, utaiona sanamu kubwa nyeupe ya Bikira Maria, Mama wa Lebanoni, iliyosimamishwa mwaka 1908. Wakristo hupanda huko kusali, na Waislamu nao hupanda, maana wao pia wanamheshimu Mariamu.

Mbele kidogo, yapata kilometa 25 toka Beirut, uko mji wa Ghazir, juu ya kilima kinachotazama bahari. Katika karne ya 19 Mapadre Wajezuiti walikuwa na seminari hapo kabla ya kuihamishia Beirut mwaka 1875. Na hapo Ghazir ipo ngome ya kale ya karne ya 18, iitwayo Mzar. Mwaka 1930 kijana mmoja wa familia ya Kikristo, Gaston Hochar, mwenye umri wa miaka 20 tu, alirudi kutoka safari ya Bordeaux katika Ufaransa, mahali pajulikanapo dunia nzima kwa divai, akaanza kutengeneza divai katika ngome ile. Kwa jina la ngome akaiita Château Musar. Neno hilo la kwanza ni la Kifaransa, maana yake ngome au jumba la bwana shamba.

Sasa shika neno hili, maana bila hilo hutaelewa yatakayofuata: kiwanda kiko Ghazir, karibu na bahari, lakini mizabibu yenyewe haiko Ghazir. Iko ng'ambo ya mlima.

Ili kuifikia mizabibu turudi Beirut, kisha tushike barabara kuu ya kwenda Dameski. Barabara hii hupanda, hupinda na kupanda tena mpaka kipito cha Dahr el-Baidar, kwenye kimo cha meta kama 1,500, ambapo theluji hufunga njia siku nyingine za baridi kali. Ukivuka hapo, mara bonde kubwa linafunguka chini yako kama mkeka uliotandikwa. Hilo ni bonde la Bekaa. Limelala kati ya milima miwili, mlima Lebanoni upande wa magharibi na Lebanoni ya Mashariki upande wa pili. Urefu wake ni yapata kilometa 120, na ardhi yake iko kwenye kimo cha meta 1,000 hivi. Mto Litani hupita humo.

Mkulima yeyote akisimama hapo ataelewa kwa nini mzabibu unapapenda. Mchana jua ni kali, usiku ni baridi. Wakati wa kiangazi mvua hainyeshi, kwa hiyo zabibu huiva bila kuoza. Theluji ya milimani ikiyeyuka huingia chini ya ardhi, nayo mizizi mirefu huifuata. Udongo una changarawe na mawe ya chokaa, maji hayatuami. Watu wa kale walilijua jambo hili. Kaskazini mwa bonde, katika mji wa Baalbek, Warumi walijenga hekalu kubwa ambalo watu hulitaja kwa jina la Bacchus, mungu wao wa uongo wa divai, na kuta zake zimesimama hata leo. Karibu na mji wa Zahle Wajezuiti walichukua shamba la Ksara mwaka 1857, wakalitunza zaidi ya miaka 100, mpaka walipoliuza mwaka 1973. Basi Gaston Hochar hakuanza jambo jipya. Alilima palipokwisha kulimwa, lakini alilima vizuri.

Wakati ule Wafaransa ndio waliotawala Lebanoni, na maofisa wao walinunua divai yake. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifika huko ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Ronald Barton, ambaye familia yake ilikuwa na mashamba ya mizabibu huko Bordeaux tangu karne ya 19. Wawili hawa wakawa marafiki. Mmoja alikuwa na shamba la babu wa babu yake, mwingine alikuwa ndiyo kwanza ameanza.

Gaston alipata wana, na wawili kati yao, Serge na Ronald, ndio tutakaowataja. Serge alizaliwa mwaka 1939. Baba yake alimpeleka Bordeaux, akasomea divai chuoni kwa mabingwa wa wakati ule. Aliporudi, mwaka 1959, akiwa hajatimiza miaka 20 au ndiyo kwanza anaitimiza, alimwambia baba yake neno zito: anataka kuitengeneza divai kwa namna yake mwenyewe, anataka ijulikane duniani, na kwa hiyo anamwomba baba amwachie kazi. Serge mwenyewe alisimulia habari hii mara nyingi alipokuwa mtu mzima.

Msomaji, simama kidogo hapa. Ungekuwa wewe ndiye baba, ungejibuje? Umelianzisha shamba kwa mikono yako, nguvu bado unazo, na mtoto uliyemlipia karo anakuambia ukae pembeni. Wengi wetu tungemfukuza nyumbani. Gaston alimwachia.

Mwaka 1962 Ronald naye akaingia kazini. Hawakugawana mizabibu, huyu safu hizi na yule safu zile. Waligawana kazi. Serge alishika divai, Ronald akashika fedha na biashara.

Divai ya Serge ilihitaji uvumilivu. Zabibu huchumwa kwa mkono, kuanzia mwezi wa Agosti mpaka Oktoba, na wachumaji wengi ni Wabedui wa bondeni, ambao ni Waislamu. Hupakiwa katika malori, huvuka mlima, hufika Ghazir. Huko husagwa na kuachwa zichachuke katika matangi makubwa ya sementi. Baadaye divai nyekundu hutiwa katika mapipa ya mti wa mwaloni kutoka Ufaransa, ikae mwaka mzima. Kisha huchanganywa, maana hutoka katika aina tatu za zabibu, Cabernet Sauvignon, Cinsault na Carignan, na kila aina ina tabia yake. Ikisha kutiwa katika chupa hulazwa tena gizani miaka mingine. Jumla ni miaka 7 tangu siku ya kuchuma mpaka siku ya kuuzwa. Divai nyeupe hutoka katika zabibu za kienyeji za Lebanoni, Obaideh na Merwah, na baadhi ya miti yake ni mizee sana. Hebu fikiri: mkulima avune leo, apokee fedha baada ya miaka 7! Kazi ya namna hii haifanywi na mtu anayetazama tumbo lake peke yake. Huifanya mtu anayejua kwamba yuko wa kumpokea.

Basi mwaka 1975 vita vikaanza.

Vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakristo walipigana na Waislamu, Wakristo na Wakristo, Waislamu na Waislamu. Majeshi ya Syria na ya Israeli yakaingia. Mji wa Beirut ukagawanyika vipande viwili. Vita vilidumu miaka 15, mpaka 1990, na yapata watu 150,000 walikufa. Sasa kumbuka lile neno nililokuambia ulishike. Mizabibu iko bondeni, kiwanda kiko Ghazir, na katikati iko barabara ya mlimani. Barabara hiyo ndiyo waliyoigombania wenye bunduki. Zabibu hazingoji amani. Zikiiva zimeiva, na usipozichuma zinaoza.

Mwaka 1976 ilishindikana kabisa, hapakuwa na divai. Miaka mingine Serge na madereva wake walijaribu. Malori yalipita kwenye vizuizi vya majeshi haya na yale, yakazunguka njia ndefu, yakangoja mizinga inyamaze. Mwaka 1984 safari ambayo siku za amani ni ya saa chache ilichukua siku kadhaa, na zabibu zikaanza kuchachuka ndani ya lori zikiwa bado njiani. Wachumaji walikuwa Waislamu na mwenye shamba Mkristo, nao waliendelea kufanya kazi pamoja wakati ndugu zao wa dini walipokuwa wakipigana. Mabomu yalipoanguka karibu na Ghazir, ghala za chini ya ardhi, mlimolazwa chupa, zilikuwa kimbilio la majirani.

Katika miaka hiyo yote 15, mavuno yaliyokosekana au kuharibika kwa sababu ya vita ni hayo ya 1976 na 1984 tu. Serge angeweza kwenda kukaa Ulaya kama walivyofanya wengi, nasi hatuwalaumu, kwa kuwa walikuwa na watoto. Yeye alibaki na kazi yake.

Kabla ya vita karibu divai yote iliuzwa Lebanoni kwenyewe. Vita viliwaondoa wanunuzi. Ikawabidi akina Hochar wachukue chupa zao na kutafuta wanunuzi ng'ambo ya bahari. Mwaka 1979 walifika kwenye maonyesho ya divai katika mji wa Bristol, Uingereza. Hapo Michael Broadbent, bingwa wa divai aliyeheshimiwa sana, alionja divai yao ya mwaka 1967, akaisema kuwa ndiyo ugunduzi wa maonyesho yale. Tangu siku hiyo jina likaenea. Mwaka 1984, mwaka ule ule wa malori kuchelewa, gazeti la Decanter la Uingereza lilipoanza kumchagua mtu wa mwaka katika mambo ya divai, wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa Serge Hochar. Kweli si mabingwa wote walioisifu divai yake. Wengine walisema haifanani mwaka kwa mwaka na ina ukali usiozoeleka. Serge hakuibadilisha ili kuwapendeza. Alisema divai ni kitu chenye uhai, na kila mwaka una sura yake.

Serge alifariki tarehe 31 Desemba 2014, alipopatwa na ajali akiogelea baharini huko Mexico. Shamba halikutikisika. Mwanawe Gaston, mwenye jina la babu yake, alikuwa amekwisha shika uongozi wakati baba yake yu hai. Mwana mwingine wa Serge, Marc, na mwana wa Ronald, Ralph, nao wakaingia katika kazi. Mwaka 2006 shamba lao lilipata hati ya kwamba mizabibu hailimwi kwa dawa za viwandani, la kwanza katika Lebanoni. Mwaka ule ule vita vilirudi, nchi ikapigwa mabomu siku 34. Tangu 2019 fedha ya Lebanoni ilianguka vibaya, tarehe 4 Agosti 2020 bandari ya Beirut ililipuka, na mwaka 2024 mabomu yaliangukia tena bonde la Bekaa. Nchi ile bado ina msalaba wake, tuiombee.

Labda utasema: "Karani, unatusifia pombe." Hapana. Sote tunazijua nyumba ambazo ada ya shule imeishia kilabuni, na mtu anayekunywa mpaka asijue njia ya kwake hana sehemu katika habari hii. Bwana wetu Yezu Kristo alichagua mkate na divai, matunda ya ardhi na kazi ya mikono ya watu, na mimi nimetaka uione hiyo kazi ya mikono.

Nina sababu nyingine pia ya kuandika. Miaka michache iliyopita ndugu watatu walikuja ofisini kwangu siku moja, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akiomba cheti cha ubatizo. Nikadhani iko sherehe nyumbani kwao. Kumbe walitaka kuthibitisha mbele ya baraza nani mkubwa. Baba yao alikuwa amefariki akiwa na miaka zaidi ya 80, na mpaka siku ile hakuwa amemkabidhi mtu hata mche mmoja wa kahawa. Alisema mwenye kuuliza habari za shamba anamtakia kifo. Shamba lilikuwa la eka mbili. Leo limekatwa vipande vitatu, mibuni mingi imeng'olewa, na kati ya vipande yamepandwa masale ya mpaka. Nanyi mnajua kwamba kwetu jani la sale ndilo tunalochukua mkononi tunapokwenda kuombana msamaha. Mimi niliandika vyeti vitatu, nikagonga muhuri mara tatu, nikanyamaza. Kunyamaza kule kunanisumbua mpaka leo.

Basi yale ambayo sikuwaambia wale ndugu nawaambieni nyinyi. Shamba la Hochar halikudumu kwa sababu ya utajiri, wala kwa sababu nchi yao ina amani. Nimewaonyesha kwamba haina. Lilidumu kwa sababu baba alikabidhi akiwa hai na kwa moyo mweupe, na kwa sababu ndugu waligawana kazi badala ya kugawana ardhi. Tena siku mbaya ilipokuja, hawakusema, "Mwaka huu tusivune."

Wewe baba, jioni moja baada ya Rozari, keti na watoto wako, wa kiume na wa kike, uwaambie unavyotaka shamba liwe. Usingoje homa ikuanguke ndipo useme. Nanyi vijana, kabla ya kudai, jifunzeni kazi kama Serge alivyojifunza, ili baba aone anamwachia nani.

Na yule mtoto mtumikiaji nilimpata tena Jumapili iliyofuata. Nilimwambia, "Mizabibu huota mahali pengi, hata Dodoma. Iko mingine huota bondeni, ng'ambo ya mlima, na watu huivukisha zabibu mlimani hata risasi zikilia." Akanitazama, akauliza, "Kwa nini hawapandi karibu?" Nikamwambia kwamba ardhi nzuri waliyopewa iko huko, nao hawakutaka kuiacha. Akaridhika, akaenda kuzima mishumaa.